Tusiuweke Mshahara Rehani kwa Ajili ya Gari

Katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba liko jambo ambalo kila mtu analiona lakini wachache wanalizungumza kwa uwazi. Kijana akishapata ajira ya kudumu, iwe serikalini, katika shirika au katika hoteli, haupiti muda mrefu kabla ya wenzake kumwuliza: gari lini? Na kwa kuwa mshahara wa mwezi mmoja haununui gari, na akiba hana, jawabu hutafutwa katika mkopo wa mshahara. Karatasi zinatiwa saini, mwajiri anaridhia makato, na baada ya muda gari linateremshwa bandarini. Siku hiyo ni furaha tupu. Lakini wahenga walikwisha kutuambia kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Na matanga ya gari hayaanuliwi siku ya tatu, bali huchukua miaka.

Tumeona ni wajibu wetu kulizungumza jambo hili kwa sababu halihusu mfuko wa mtu mmoja peke yake. Linahusu raha ya nyumba, uadilifu wa ofisi, na uhuru wa kila mwananchi anayeishi kwa jasho lake.

Kwanza na tuwe wakweli. Gari lina manufaa yasiyokanika. Muuguzi anayetoka zamu usiku wa manane, mzazi mwenye mtoto asiyeweza kutembea, mchuuzi wa Nungwi anayetaka kuwahi soko la mjini kabla samaki wake hawajalegea, wote hao gari kwao ni chombo cha kazi kama jembe lilivyo kwa mkulima. Hata starehe nayo ina haki yake. Mtu aliyefanya kazi wiki nzima hakukosea akitaka kuwachukua wanawe na mama yao mpaka Jambiani wakapunge upepo, na wakarudi kwa saa waitakayo, bila ya kuchungulia daladala la mwisho. Anayeibeza furaha hiyo hajapata kusimama kituoni usiku na mtoto aliyelala begani.

Kwa hiyo hatuandiki kuwaonea watu gere, wala kuwataka wananchi warudi kwenye punda. Swali letu ni moja: furaha hiyo inanunuliwa kwa bei gani, na je, mnunuzi ameijua bei hiyo kabla ya kutia saini?

Magari mengi yanayopita katika barabara zetu ni yale yaliyokwisha kutumika Japan. Sababu zake zinafahamika. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani wao uko kulia. Tena sheria yao hulitaka gari jipya la kawaida la mtu binafsi lipelekwe kukaguliwa baada ya miaka 3, na kuanzia hapo kila baada ya miaka 2, kwa gharama ambazo humfanya mwenyewe aone bora aliuze. Ndivyo gari lililochokwa huko linavyokuja kuanza maisha mapya huku. Bei yake ya huko siyo bei ya kulipata hapa, maana huongezwa nauli ya meli, bima ya safari, ushuru wa forodha, kodi, ada za bandari na gharama za usajili. Mnunuzi mwangalifu huyajua hayo. Asilolijua aghalabu ni bei ya fedha yenyewe aliyoikopa.

Natupige mfano wa hesabu, ili tusiseme kwa hisia tu. Tuseme gari, mpaka linapopata namba za usajili, limegharimu shilingi 18,000,000, na mtumishi amezikopa zote kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, alipe kwa miaka 6. Ikiwa riba inahesabiwa juu ya salio linalopungua, rejesho lake la kila mwezi litakuwa karibu shilingi 390,000. Kwa miezi 72 atakuwa amelipa zaidi ya shilingi 28,000,000. Amenunua gari moja, na juu yake ameongeza zaidi ya shilingi milioni 10 ambazo hazina hata tairi moja.

Na hiyo ndiyo hesabu ya upole. Wapo wakopeshaji wanaohesabu riba juu ya mkopo wote wa mwanzo kwa muda wote, kana kwamba mkopaji hajarejesha hata senti. Kwa asilimia ile ile 16 na miaka ile ile 6, rejesho linapanda hadi shilingi 490,000 kwa mwezi, na jumla inafika shilingi 35,280,000. Neno lililotamkwa ni lile lile, "asilimia kumi na sita". Tofauti ya mahesabu mawili ni zaidi ya shilingi milioni 7. Ni wangapi miongoni mwetu wanaouliza, kabla ya kushika kalamu, riba hii inahesabiwa vipi? Wengi huuliza jambo moja tu: kwa mwezi nitakatwa ngapi? Na mwenye kuuliza hivyo peke yake huweza kuuziwa miaka bila ya kujua.

Bado gari halijatembea. Tuseme mwenye gari huenda kilomita 30 kwa siku, siku 25 kwa mwezi, gari lake likitumia lita moja kwa kilomita 12, na lita hiyo ikiwa ni shilingi 3,000. Petroli peke yake itakuwa shilingi 187,500. Ongeza bima kubwa, ambayo mkopeshaji aghalabu huidai, ada za barabara, oili, matairi na fundi. Tukiviweka vyote katika shilingi 100,000 kwa mwezi hatujapindukia, hasa katika visiwa ambavyo hewa yake ya chumvi haina huruma na bati. Jumla sasa ni shilingi 677,500. Kwa mtumishi anayepokea shilingi 1,200,000 mkononi, zaidi ya nusu ya mshahara imekwisha kabla ya mchele, ada za skuli, umeme, dawa ya mzee shamba, na mchango wa harusi ya binamu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na gari la mkopo bila daftari humpoteza na mwenyewe.

Hapa ndipo tunapolifikia neno uhuru. Watu wengi hudhani kwamba gari ni uhuru, kwa sababu humpeleka mtu atakako. Ni kweli kwa upande wa miguu. Lakini uko uhuru mwingine ulio mkubwa zaidi, nao ni uhuru wa mtu kuutumia mshahara wake baada ya kuuchuma. Mwenye uhuru huo akipata nafasi ya kwenda masomoni kwa nusu mshahara, huenda. Akiona kazi haimfai, huweza kuitafuta nyingine. Mzazi akiugua Pemba naye yuko Unguja, hupanda boti bila ya kubisha hodi kwa jirani. Mwanawe akifaulu, hawezi kumwambia asubiri mpaka deni liishe. Aliyeuweka mshahara wake rehani kwa miaka 6 ameyafunga mambo yote hayo katika kisanduku kimoja na funguo akampa mtu mwingine. Anaendesha gari, lakini njia za maisha yake zimebaki mbili: kwenda kazini na kurudi.

Tena majanga hayangoji deni liishe. Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia ndege na watalii wakakatika, hoteli nyingi za visiwa vyetu zilifunga milango, na wafanyakazi wengi walirudi nyumbani bila ya mshahara. Kalenda ya deni haikufunga mlango. Mwaka 2022 bei ya mafuta ilipanda duniani baada ya vita vya Ukraine, na kila mwenye gari hapa petu aliiona katika bei zinazotangazwa kila mwezi. Na watu wazima watakumbuka namna bei ya mafuta ilivyotikisa nchi changa baada ya vita vya Mashariki ya Kati vya mwaka 1973. Hayo ni mambo yanayorudi. Mwenye gari asiyedaiwa, mafuta yakipanda, huliegesha gari lake chini ya mwembe akapanda daladala, na hasara yake ikaishia hapo. Mwenye kudaiwa huliegesha na akaendelea kulilipia.

Sasa tuzungumze na ndugu zetu maofisa, kwa sababu suala hili linawagusa kwa namna ya peke yake. Mara baada ya uhuru, wananchi wa Afrika ya Mashariki waliwapachika viongozi wapenda magari makubwa jina la "Wabenzi". Lilikuwa jina la dhihaka, lakini ndani yake mlikuwa na hukumu. Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikumkataza kiongozi kuwa na gari. Lilimkataza kuwa na hisa katika makampuni ya kibepari, kupokea mishahara miwili, na kupangisha nyumba. Kwa maneno mengine, lilitaka asifungwe na kamba yoyote itakayomvuta mbali na wale anaowatumikia. Maamuzi ya Zanzibar ya mwaka 1991 yaliilegeza miiko hiyo, na dunia imebadilika. Lakini hoja ya msingi haikuchakaa: mtumishi wa umma lazima awe huru katika nafsi yake ndipo aweze kuwa mwadilifu katika meza yake.

Na deni ni kamba. Karani ambaye mshahara wake umekwisha siku ya tatu ya mwezi ana mitihani asiyokuwa nayo mwenzake. Anapoletewa faili na mtu mwenye haraka na bahasha, hashindani na tamaa tu. Anashindana na petroli, bima na rejesho. Hatusemi kwamba kila mwenye deni hula rushwa. Huo utakuwa uzushi, na wako wengi wanaolipa kwa shida na mikono yao ni safi. Tunasema kwamba haifai mtu aliyepewa dhamana ya umma ajitafutie mwenyewe mtihani ambao hakuandikiwa. Sheria za maadili ya viongozi, Bara na Visiwani, humtaka kiongozi atamke mali zake pamoja na madeni yake. Waliozitunga walijua kwamba mtu hujulikana kwa anachodaiwa kama anavyojulikana kwa alichonacho.

Wale waliokaa chuoni kwa mwalimu wa Kurani wanajua pia kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inazungumzia deni: liandikwe, muda wake ujulikane, na mashahidi wawepo. Na aya mbili kabla yake inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda. Si jambo la bahati kwamba katika mazishi yetu husimama mtu akatangaza kwamba anayemdai marehemu aonane na warithi. Wazee wetu hawakulichukulia deni kuwa kitu chepesi. Wapo leo wanaokimbia riba wakaingia katika mauzo ya murabaha, ambapo benki hununua gari na kumwuzia mteja kwa bei ya juu iliyotajwa wazi, alipe kidogo kidogo. Mwenye kuchagua njia hiyo kwa ajili ya dini yake amefanya vyema. Lakini asidhani kwamba mzigo umekuwa mwepesi kwa kubadilika jina. Kama rejesho linakula nusu ya mshahara, tumbo la watoto halijui limekulwa kwa mkataba gani.

Wapo watakaotujibu: "Mtu asipokopa hatapata kamwe, maana fedha za mkononi hazikai." Jawabu hili lina ukweli wake, lakini tulipime. Yule mtumishi wa mfano wetu, kama angeweka shilingi 390,000 zile zile kila mwezi katika chama cha ushirika cha akiba na mikopo, au hata katika mchezo wa watu waaminifu, angezifikisha shilingi 18,000,000 katika mwezi wa 47. Mwenzake aliyekopa angekuwa bado ana miezi 25 ya kulipa, na gari lake limekwisha kula karibu miaka minne ya maisha yake. Ni kweli kwamba bei hupanda na shilingi hushuka, na huenda ikambidi angoje miezi kadhaa zaidi. Lakini katika kungoja kwake angekuwa na kitu ambacho mwenzake hana: siku yoyote balaa likimfika, fedha ni zake. Na anayesema hawezi kuweka shilingi 390,000 kwa hiari kwa sababu mahitaji ya nyumbani hayamruhusu, na ajiulize ataziwezaje kukatwa kwa lazima.

Wengine watasema kwamba heshima ya mtu siku hizi ni gari. Huu ni ugonjwa, na dawa yake si mkopo. Tumewahi kuwaheshimu mafundi, masheha, walimu na mahakimu waliokwenda kazini kwa baiskeli, na maneno yao yalikuwa na uzito kuliko honi. Fahari isiyolipiwa bado si fahari. Ni deni lililopigwa rangi. Ajikunaye hujikuna ajipatapo.

Basi tunawashauri wananchi wenzetu wajipime kwa mambo manne kabla ya kutia saini. La kwanza, rejesho, petroli na matengenezo kwa pamoja visizidi theluthi moja ya mshahara unaofika mkononi. La pili, pawepo akiba ya matumizi ya nyumba kwa miezi mitatu isiyoguswa kwa ajili ya gari. La tatu, deni liishe kabla gari halijaisha. Kulipa miaka 6 kwa gari lililokuja na umri wa miaka 12 ni kulipia chuma chakavu. La nne, mtu aulize nafsi yake kwa siri: gari hili litanifanyia kazi, au litanifanyia maonyesho? Aliyeyapita manne hayo na anunue, na Mwenyezi Mungu amzidishie. Furaha yake ni halali na usingizi wake utakuwa mzuri. Aliyeshindwa mawili kati ya hayo na angoje. Kungoja si umasikini.

Kwa upande wa wakopeshaji, tunataka kila mkataba utaje kwa Kiswahili kinachofahamika, katika ukurasa wa mwanzo, mambo matatu: jumla yote atakayolipa mkopaji mpaka siku ya mwisho, namna riba au faida inavyohesabiwa, na hatua zitakazochukuliwa akishindwa kulipa. Mfanyabiashara mwaminifu hana la kuficha katika maandishi madogo. Na kwa upande wa waajiri, kuidhinisha makato kusiwe ni kupiga muhuri tu. Katika utumishi wa umma wa Tanzania Bara iko kanuni ya siku nyingi kwamba makato yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara. Kanuni ya namna hiyo ni nzuri, lakini huangalia makato ya kwenye karatasi. Haioni petroli, wala daftari la duka la mtaani. Theluthi ni ukingo wa shimo. Ofisa utumishi anayemwona kijana wa mwaka wake wa kwanza akikimbilia ukingoni ana wajibu wa kumwita pembeni akamwambia kama mwanawe.

Na Serikali nayo ina sehemu yake kubwa. Tukubali kwamba wengi hawakopi kwa kupenda fahari. Wanakopa kwa sababu wamechoka kuchelewa kazini na kukosa usafiri jioni. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar, ambapo mwaka 2012 walikuwa 1,303,569. Visiwa havikuongezeka hata shubiri moja. Hapawezi kupatikana barabara za kutosha, wala maegesho, wala fedha za kigeni za mafuta, ikiwa kila mwenye mshahara atalazimika kuwa na gari lake ndipo aitwe mtu kamili. Kila shilingi inayotumika kuleta basi zuri, linalofuata saa, lenye nafasi ya mzee na ya mama mjamzito, linalopatikana mpaka usiku katika njia za shamba za Unguja na Pemba, ni shilingi inayowakomboa watumishi wengi kutoka katika madeni ambayo hawakuyataka. Na wakubwa wetu wakionekana mara moja moja ndani ya mabasi hayo, watayajua matatizo yake bila ya kusubiri ripoti, na vijana watajifunza kwamba cheo hakipimwi kwa magurudumu.

Miaka 6 ni umri wa mtoto tangu kuzaliwa mpaka kuingia skuli. Kijana anayetia saini leo na akumbuke kwamba anaahidi jasho la miaka hiyo yote kwa kitu ambacho kila mwaka thamani yake itashuka. Tunamtakia gari, na tunamtakia safari njema ndani yake. Lakini zaidi ya hayo tunamtakia kwamba siku ya mshahara, akishafanya kazi kwa uaminifu mwezi mzima, mshahara huo uwe wake.